Ng'ombe wa maskini atazaa lini? Wafugaji wa Ufipa na masomo ya maziwa kutoka ng'ambo

Mkoa wa Rukwa ni miongoni mwa maghala ya Taifa letu. Mahindi na maharage ya Ufipa huvuka mipaka ya mkoa na kulisha miji iliyo mbali sana na Sumbawanga. Hata hivyo, Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 49.8 ya watoto wa Rukwa wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa Taifa zima ulikuwa asilimia 30. Ni mikoa miwili tu, Iringa na Njombe, iliyokuwa na hali mbaya zaidi. Katika nyumba ambayo kihenge kimejaa mahindi, mmoja kati ya watoto wawili hapati chakula cha kuujenga mwili na ubongo wake inavyopasa.

Ni katika mazingira haya tunapaswa kuusikiliza wito unaorudiwa kila mwaka, hasa nyakati za Wiki ya Maziwa inayohitimishwa tarehe 1 Juni: kwamba wafugaji wetu wajifunze ufugaji wa kisasa kutoka nchi zilizoendelea. Wito huo ni mzuri, na wahenga walikwisha kusema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huponya pale tu mwenyeji anapojua ugonjwa wake. Makala hii inakusudia kutafakari mambo matatu: wafugaji wa ng'ambo walifanya nini hasa hata wakafanikiwa, ni yapi miongoni mwa mambo yao tusiyopaswa kuyaiga, na ni lipi liko ndani ya uwezo wetu hapa Ufipa kwa sasa.

Nchi ya majani yenye maziwa haba

Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, na sehemu yake kubwa iko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Baridi ya Juni na Julai, ambayo wageni huilalamikia, ni neema kwa ng'ombe wa maziwa, kwani ng'ombe wenye damu ya Ulaya hupunguza kula na kupunguza maziwa penye joto kali. Wakati wa masika majani hujaa kila upande kuanzia Laela na Mpui hadi Matai na Namanyere. Mahindi hutuachia mabua na pumba. Alizeti hutuachia mashudu. Vyakula ambavyo mfugaji wa mahali pengine huvinunua kwa gharama kubwa, huku kwetu vinazalishwa mlangoni.

Licha ya neema hiyo, ng'ombe wengi wa uwanda huu ni wa asili. Ni wanyama wavumilivu, wenye kulima, kukokota mkokoteni na kuhimili magonjwa, lakini kwa kawaida humwachia mfugaji lita moja au mbili kwa siku baada ya ndama kunyonya, na kiangazi kinapokolea hata hizo hupotea. Mvua zikikoma mwezi Aprili au Mei, majani hukauka, mengine huteketea kwa moto, na mifugo hubaki ikitafuta masalia mashambani hadi mvua za Novemba.

Hapa ndipo tunapoweza kuielewa ile methali chungu isemayo kwamba ng'ombe wa maskini hazai. Wengi huitumia kueleza bahati mbaya, lakini mtaalamu wa mifugo ataieleza kwa namna nyingine. Ng'ombe aliyekonda haingii kwenye joto. Akiingia, dalili huonekana kwa muda usiofika siku moja, na zisipotambuliwa, hurudi baada ya siku 21 hivi. Zikitambuliwa, huenda hakuna dume bora karibu, wala mhamilishaji aliye na mbegu na naitrojeni ya kimiminika inayozihifadhi katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mbegu za kituo cha Taifa cha uhamilishaji hutoka Usa River, mkoani Arusha, upande mwingine kabisa wa nchi. Kila joto linalopotea ni wiki tatu nyingine za kumlisha ng'ombe asiye na mimba wala maziwa, na mimba yenyewe huchukua zaidi ya miezi tisa. Umaskini wa ng'ombe huyo una sababu zinazohesabika, na kila sababu inayohesabika inaweza kushughulikiwa.

Walianza kwa umoja

Mtu anapofikiri juu ya ufugaji wa Ulaya, huona mashine za kukamulia, mabanda makubwa na ng'ombe mmoja anayetoa maelfu ya lita kwa mwaka. Hayo ni matunda. Mizizi yake ni tofauti. Tutazame Denmark. Katika miaka ya 1870, nafaka ya bei nafuu kutoka Amerika na Urusi ilifurika katika masoko ya Ulaya, na bei ya nafaka ya wakulima wa Denmark ikaanguka. Mkulima wa Rukwa anaifahamu hali hiyo, kwa maana bado anakumbuka jinsi bei ya mahindi ilivyoporomoka baada ya zuio la kuuza nje lililowekwa mwaka 2017. Wadenmark waliamua kugeuza nafaka kuwa chakula cha mifugo na kuuza siagi.

Mwaka 1882, katika kijiji cha Hjedding magharibi mwa nchi hiyo, wafugaji wadogo walianzisha kiwanda cha kwanza cha ushirika cha maziwa. Teknolojia mpya ya wakati huo, mashine ya kutenganisha malai na maziwa, ilikuwa ghali kwa mtu mmoja lakini nafuu kwa kijiji. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe na ng'ombe wawili au hamsini. Maziwa yaliyokwisha kutolewa malai yalirudishwa kwa wafugaji wakalishie mifugo yao. Baada ya miaka michache tu, viwanda vya namna hiyo vilihesabika kwa mamia. Waliungana kwanza, ndipo umoja wao ukawawezesha kununua mashine.

India nayo inatupatia somo lililo karibu zaidi na hali yetu, kwa kuwa wafugaji wake wengi wana mnyama mmoja au wawili tu. Mwaka 1946, wafugaji wa wilaya ya Kaira, jimboni Gujarat, walichoka kupunjwa na wachuuzi waliokuwa wakiwanunulia maziwa kwa bei wanayoipanga wenyewe. Chini ya uongozi wa Tribhuvandas Patel walisajili ushirika wao katika mji wa Anand, ambao baadaye ulijulikana kwa jina la Amul. Mhandisi kijana, Verghese Kurien, aliyekuwa amesoma Marekani, alifika Anand mwaka 1949 na kubaki huko maisha yake yote. Wataalamu wa nje walishikilia kwamba maziwa ya nyati wa kufugwa, ambao ni wengi nchini humo, hayawezi kufanywa unga. Kiwanda cha Anand kilifanya hivyo mwaka 1955.

Kuanzia mwaka 1970 hadi 1996, mpango wa Taifa ulioitwa Operation Flood uliueneza mfumo wa Anand nchini kote. Jumuiya ya Ulaya wakati huo ilikuwa na milima ya unga wa maziwa na siagi isiyokuwa na wanunuzi. Msaada wa namna hiyo ungeweza kuua kabisa soko la wafugaji wa India. Badala ya kuugawa bure, India iliupitisha katika viwanda vyake, ikauuza kwa bei isiyomwumiza mfugaji wa ndani, na fedha zilizopatikana zikajenga vituo vya kukusanyia maziwa, viwanda na huduma za mifugo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, India ilikuwa nchi ya kwanza duniani kwa wingi wa maziwa.

Moyo wa mfumo huo uko kijijini. Asubuhi na jioni mfugaji hufikisha maziwa yake kituoni. Hupimwa wingi wake na mafuta yake mbele ya macho yake. Hulipwa kadiri ya kipimo, na si kadiri ya sura wala cheo chake. Anayeongeza maji hujulikana, na anayelisha vizuri hupata zaidi. Uaminifu wa kipimo ndio uliomfanya mjane mwenye nyati mmoja akubali kumkabidhi ushirika maziwa yake kila siku.

Majirani zetu na makosa yao yenye manufaa

Si lazima kuvuka bahari ili kujifunza. Nchini Kenya, wakulima wadogo Waafrika walifunguliwa mlango wa ng'ombe wa kisasa na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, baada ya miaka mingi ya biashara ya maziwa kuwa mikononi mwa walowezi. Leo sehemu kubwa ya maziwa ya nchi hiyo hutoka kwa wafugaji wadogo wenye ng'ombe wachache walio bandani na shamba dogo la matete. Ushirika wa Githunguri, ulioanzishwa mwaka 1961, umefika hatua ya kumiliki kiwanda chake wenyewe. Lakini Kenya ina somo la uchungu pia. Shirika kongwe la KCC, lililoanzishwa mwaka 1925, lililemewa na uongozi mbaya na madeni katika miaka ya 1990, na wafugaji wengi walipeleka maziwa bila kulipwa hadi serikali ilipolifufua mwaka 2003. Ushirika bila ukaguzi wa hesabu na bila uchaguzi wa haki huwa ni mchuuzi mwingine, tena mkubwa zaidi.

Rwanda ilianzisha mwaka 2006 mpango wa Girinka, ambapo familia maskini hupewa ng'ombe mmoja na kuwajibika kumpa jirani ndama jike wa kwanza. Utaratibu huo haukuwa mgeni kwetu. Watanzania wengi wanaufahamu kwa jina la kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, ulioenezwa na Heifer International, shirika lililozaliwa mwaka 1944 kutokana na wazo la mkulima Mkristo wa Marekani, Dan West. Uzuri wake ni kwamba anayepokea leo huwa mtoaji kesho, na heshima yake hulindwa. Ugumu wake unajulikana pia: ng'ombe wa kisasa akikabidhiwa familia isiyo na malisho, maji wala fedha za dawa, zawadi hugeuka mzigo. Ng'ombe wa maziwa huhitaji makumi ya lita za maji kila siku, na mara nyingi ni mama na binti wanaoyachota.

Mambo tusiyopaswa kuyaiga

Anayejifunza kwa busara hutazama pia mahali mwalimu wake alipojikwaa. Kwa miaka zaidi ya thelathini, kuanzia 1984, Umoja wa Ulaya uliwawekea wafugaji wake kikomo cha maziwa wanayoruhusiwa kuzalisha, kwa sababu ruzuku ziliwafanya wazalishe kupita mahitaji. Kikomo hicho kilipoondolewa tarehe 31 Machi 2015, maziwa yalifurika, bei ikaanguka, na familia nyingi za wafugaji wadogo zikaachana na kazi ya wazazi wao.

Nchini Uholanzi, ambako wataalamu wetu wengi wamesomea, mifugo imekuwa mingi kuliko ardhi inavyoweza kubeba. Chakula chake kingi hununuliwa kutoka mabara mengine, na samadi isiyo na mahali pa kwenda huchafua udongo, maji na hewa. Mwezi Mei 2019 mahakama ya juu ya masuala ya utawala ilibatilisha utaratibu wa serikali wa kutoa vibali vya shughuli zinazoongeza naitrojeni katika mazingira, na mwezi Oktoba mwaka huo wafugaji waliingia barabarani na matrekta yao kwa hasira. Denmark nayo iliafikiana mwaka 2024 kutoza kodi ya hewa ukaa inayotokana na mifugo kuanzia mwaka 2030. Wale tunaowaita walimu wanatafuta njia ya kurudi nyuma kutoka mahali ambapo baadhi yetu tunatamani kufika.

Zaidi ya hayo, maziwa ya ziada ya Ulaya hutafuta mahali pa kuuzwa. Katika Afrika Magharibi, unga wa maziwa uliochanganywa na mafuta ya mawese huuzwa kwa bei ambayo mfugaji wa Kifulani hawezi kushindana nayo. Jumuiya ya Afrika Mashariki imejikinga kwa kuweka ushuru wa pamoja wa asilimia 60 kwa maziwa yanayotoka nje ya Jumuiya. Kinga hiyo ni ya haki, lakini haitatufaa kitu ikiwa nyuma yake hatujengi uwezo wetu wenyewe. Ukuta hauwezi kukamuliwa.

Hapa Wafipa wana jambo la kuwafundisha wengine. Wazee wetu katika uwanda huu usio na miti mingi walibuni kilimo cha matuta ya mviringo, ntumba, wakifukia majani mabichi ili yaoze na kurutubisha udongo, bila kuhitaji kukata na kuchoma misitu. Walijua kwamba majani ni mali, na kwamba kinachotoka ardhini sharti kirudi ardhini. Ng'ombe mmoja au wawili bandani, anayelishwa mabua na majani ya shamba na kurudisha samadi shambani, anaendeleza hekima hiyo hiyo. Huo ni usasa ambao Uholanzi ya leo inautafuta.

Swali linaloulizwa na Njombe na Iringa

Tanzania ina mifano yake ya mafanikio. Mkoani Tanga, ushirikiano na Uholanzi ulioanza miaka ya 1980 ulizaa vyama vya msingi, chama kikuu cha ushirika na kiwanda cha Tanga Fresh. Mkoani Njombe, shirika la CEFA kutoka Bologna, Italia, lilisaidia wafugaji kujenga kiwanda cha maziwa na jibini, na mpango wa maziwa shuleni ukaambatana nacho. Iringa ina kiwanda cha Asas. Nyanda hizi za juu zinafanana sana na Ufipa kwa baridi yake na kwa mazao yake, na wafugaji wetu wangejifunza mengi kwa kufunga safari ya kwenda huko kabla ya kwenda Amsterdam.

Lakini turudi kwenye takwimu za mwaka 2022. Iringa, yenye asilimia 56.9 ya watoto waliodumaa, na Njombe, yenye asilimia 50.4, ndizo zilizoitangulia Rukwa katika aibu hii. Mikoa yenye viwanda vya maziwa ina watoto waliodumaa kuliko mikoa mingi isiyo na viwanda. Jambo hili halimaanishi kwamba maziwa hayana faida. Udumavu una sababu nyingi: mlo wa aina moja, maradhi ya kuhara, maji machafu, mama mjamzito kufanya kazi nzito hadi siku ya kujifungua, na mtoto mdogo kushinda na dada yake mdogo wakati wazazi wako shambani. Lakini linatufundisha kwamba maziwa yanaweza kutoka bandani asubuhi, yakapita mbele ya mtoto wa nyumba hiyo, yakaenda kiwandani, na fedha yake ikarudi bila kumfikia.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza cha ufugaji wa kisasa Ufipa hakipaswi kuwa lita zinazouzwa peke yake. Wizara na Bodi ya Maziwa hutaja mara nyingi lita 200 kwa mtu kwa mwaka kuwa kiwango kinachofaa, na wastani wa Mtanzania bado uko mbali sana na hapo. Tuchukue mfano wa ng'ombe chotara anayetoa lita nane kwa siku. Familia ikitenga lita mbili kwa ajili ya watoto na mama mwenye mimba au anayenyonyesha, bado inabaki na lita sita za ndama na za soko. Mtoto chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama yake pekee. Aliyetimiza mwaka mmoja apate kikombe chake cha maziwa yaliyochemshwa kila siku, pamoja na uji, maharage, mboga na matunda. Kuchemsha ni lazima, kwani maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu na ugonjwa wa kutupa mimba unaowapata wanyama na watu.

Mwandishi wa Kitabu cha Methali, katika sura ya 27, anamwasa mfugaji aijue vema hali ya makundi yake na kuyaangalia kwa bidii, kisha anamalizia kwa kutaja maziwa yatakayotosha kuilisha nyumba yake. Utaratibu wa Maandiko ni huo: kwanza kuyajua makundi, kisha nyumba kushiba.

Sera tunazo, je, zinafika Nkasi na Kalambo?

Nchi yetu haina upungufu wa sera na sheria. Tunayo Sheria ya Tasnia ya Maziwa ya mwaka 2004 iliyounda Bodi ya Maziwa, Sera ya Taifa ya Mifugo ya mwaka 2006, Sheria ya Nyanda za Malisho ya mwaka 2010, Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, na Benki ya Maendeleo ya Kilimo iliyozinduliwa mwaka 2015. Mwaka 2025 serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo kwa bei ya ruzuku. Haya yote ni ya kupongezwa. Lakini sera hupimwa mahali inapoishia, na kwa mfugaji wa uwanda wa Ufipa mambo manne bado yanaamua kila kitu.

La kwanza ni umeme na barabara. Maziwa huharibika ndani ya saa chache yasipopozwa. Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga umetegemea njia inayotoka Zambia. Mradi wa TAZA, unaoiunganisha Sumbawanga na gridi ya Taifa kupitia Iringa, Mbeya na Tunduma, ni habari njema kwa tangi la kupozea maziwa kama ilivyo kwa kiwanda. Barabara ya lami imetukaribisha Mbeya, lakini njia za kutoka vijijini hadi lami ndizo zinazoamua kama maziwa yatafika yakiwa mazima.

La pili ni huduma za ugani. Ndigana kali, inayoletwa na kupe, humwua chotara upesi kuliko ng'ombe wa asili. Josho lisilofanya kazi, bwana mifugo mmoja kwa kata nyingi na uhamilishaji usiotabirika humfanya mfugaji aogope kununua mtamba wa kisasa, na hofu yake ni ya busara.

La tatu ni ardhi ya malisho. Ongezeko la watu na mifugo, pamoja na wahamiaji wafugaji walioingia Bonde la Rukwa kwa miongo kadhaa, limeongeza migogoro kati ya wakulima na wafugaji. Mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji isipopimwa na kuheshimiwa, hakuna atakayepanda malisho mahali asipojua kama yatakuwa yake mwakani.

La nne ni soko la haki. Mfugaji mmoja mwenye ndoo yake pembeni mwa barabara hana sauti. Kumi wenye laktometa moja, daftari moja na akaunti moja wanaweza kuzungumza na hoteli, shule na kiwanda.

Mafundisho Jamii ya Kanisa na wajibu wetu

Kanisa halina ufundi wake wa kukamua, lakini lina mafundisho juu ya anayekamua. Mtakatifu Yohane XXIII, katika Waraka wake wa Mater et Magistra wa tarehe 15 Mei 1961, alikitazama kilimo kama sekta iliyoachwa nyuma, akadai ipewe huduma za msingi, mikopo, bima na ulinzi wa bei, na akasisitiza kwamba wakulima wenyewe ndio wanaopaswa kuwa wahusika wakuu wa maendeleo yao, hasa kwa njia ya vyama vya ushirika. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato si' ya mwaka 2015, aliwatetea wazalishaji wadogo, ambao mifumo yao hulisha sehemu kubwa ya watu duniani kwa kutumia ardhi na maji kidogo.

Kanuni auni inatufundisha kwamba kinachoweza kufanywa na familia kisinyang'anywe na kijiji, na kinachoweza kufanywa na kijiji kisisubiri Dodoma. Gridi ya Taifa, chanjo na ushuru wa forodha ni kazi ya serikali, na waamini kama raia wana haki na wajibu wa kuvidai. Kwa upande mwingine, hakuna wizara inayoweza kukata majani kwa niaba yetu.

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinakutana kila wiki, zinajuana kwa majina, na zinafahamu ni nani mwaminifu. Denmark na India zilihitaji hasa mtaji huo kabla ya mtaji wa fedha. Jumuiya mbili au tatu zinaweza kuwa kikundi cha kukusanya maziwa, kuweka akiba na kukopeshana mitamba. WAWATA wanaweza kulifanya somo la lishe ya siku 1,000 za kwanza kuwa sehemu ya mikutano yao, pamoja na swali ambalo wanaume hawapendi kuulizwa: fedha ya maziwa inaingia katika simu ya nani, na anayekamua ana kauli gani juu yake? Vijana waliomaliza shule wanaweza kupelekwa kusomea uhamilishaji kwa michango ya parokia, kwa makubaliano kwamba watarudi kuhudumia vijiji vyao. Shule na seminari zenye mashamba zinaweza kuwa mahali pa kuonea kwa macho malisho yaliyopandwa.

Tena kuna jambo lisilohitaji mfadhili wala safari ya ng'ambo. Mwezi Aprili na mapema Mei, mvua zinapoelekea kukoma na majani yanapoanza kutoa maua, ndipo yanapokuwa na nguvu nyingi zaidi ya kulisha. Yakikatwa wakati huo, yakaanikwa kwa siku chache na kushindiliwa ndani ya sanduku la mbao lisilo na kitako, kisha kufungwa kwa kamba, huwa hei inayoweza kukaa chini ya paa hadi Oktoba. Mabua ya mahindi yakikatwa na kuhifadhiwa mara baada ya mavuno, badala ya kuachwa yachomwe, yanaongeza akiba hiyo. Matete yaliyopandwa kwenye kingo za shamba huzuia pia mmomonyoko wa udongo. Ng'ombe atakayeingia kiangazi akiwa na chakula ataingia kwenye joto, atashika mimba, na atakamuliwa.

Kila Jumuiya inaweza kujiwekea lengo moja kabla ya kiangazi kijacho: kila familia yenye ng'ombe iwe na rundo la hei chini ya paa, na kila mtoto wa familia hiyo aliyetimiza mwaka mmoja awe na kikombe chake cha maziwa kila siku. Mwaka unaofuata, viongozi wa Jumuiya wahesabu marundo na vikombe hivyo kwa uwazi, kama wanavyohesabu zaka na sadaka, na parokia izipeleke hesabu hizo kwa afisa mifugo na afisa lishe wa halmashauri. Hapo tutakuwa na la kumwonesha mgeni anayekuja kutufundisha, na yeye atajua aanzie wapi.